Tawi la Louisville lilianzishwa na watu waliokwisha hitimu

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba vyama vya udugu vya Wamarekani Weusi, vile vyenye majina ya herufi za Kigiriki, ni mambo ya vijana wa chuo tu: nyimbo, kucheza kwa kupiga hatua, jaketi za rangi moja, kisha kila mtu anachukua shahada yake na kwenda zake. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, nilifundisha Kigoma, na sasa naishi Louisville, Kentucky, ambako nawatafsiria shuleni wazazi waliotoka Kongo. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu historia ya mji huu inasema vingine.

Alpha Phi Alpha, chama kikongwe kuliko vyote vya wanachuo Weusi vilivyopo leo, kilianzishwa Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, tarehe 4 Desemba 1906. Muda mfupi kabla ya hapo, Weusi sita waliokuwa wakisoma chuoni hapo walikwenda likizo na hakuna aliyerudi masomoni. Waliofuata waliogopa yasiwapate hayohayo. Wakaanza kukutana wasome pamoja na kushikana mkono. Kundi la kujisomea ndilo lililozaa chama.

Sasa tazama kilichofuata, maana hapo ndipo msomaji mwenzangu alipopitiwa. Mwaka 1911, chama kikiwa hakijatimiza hata miaka mitano, tawi lake la kwanza la wahitimu lilifunguliwa hapa Louisville. Liliitwa Alpha Lambda. Hapakuwa na chuo wala bweni nyuma yake. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao mjini, walioamua kwamba kiapo cha chuoni hakimaliziki siku ya mahafali. Tangu hapo matawi ya wahitimu yamebeba jina hilo la Lambda: Kansas City wakafuata, Detroit wakafuata, na mtu akisikia Lambda anajua hao walikwisha maliza shule.

Kwa nini Louisville? Mmoja wa waasisi saba wa chama kule Cornell, Eugene Kinckle Jones, alikuja kufundisha sekondari katika mji huu baada ya shahada ya pili, akakaa mpaka mwaka huohuo wa 1911. Mwingine, msanifu majengo Vertner Tandy, alikuwa mzaliwa wa Lexington, si mbali na hapa. Lakini mimi, nikiwa mwalimu, naangalia zaidi hali waliyoikuta wahitimu. Mwaka 1904 Kentucky ilipitisha sheria iliyokataza wanafunzi Weupe na Weusi kusoma pamoja, hata katika chuo binafsi cha Berea ambacho kilikuwa kimewapokea wote kwa miaka mingi. Mwaka 1914 halmashauri ya Louisville ikaweka sheria ya kumzuia Mweusi kuhamia mtaa wenye Weupe wengi. William Warley, mhariri wa gazeti la Weusi na kiongozi hapa wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alishiriki kuipeleka sheria hiyo mahakamani, na mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta. Ushindi huo ni wa NAACP, siudai kwa niaba ya Alpha. Nautaja ili ieleweke shahada ilimwingiza mtu katika mji wa namna gani. Cheti mkononi, lakini mtaa wa kuishi anachaguliwa. Mtu huyo angefanya nini peke yake?

Na matawi ya wahitimu yalifanya kazi. Kuanzia miaka ya 1920 chama kiliendesha kampeni ya kuwahimiza vijana Weusi waende sekondari, kisha chuo. Mwaka 1935 kilishiriki katika kesi ya Donald Murray, aliyekataliwa na shule ya sheria ya Maryland kwa rangi yake. Mawakili wake, Charles Houston na Thurgood Marshall, wote walikuwa wanachama. Murray akaingia darasani. Kazi ya namna hiyo inahitaji watu wenye taaluma, mshahara na umri. Mwanafunzi wa mwaka wa pili haiwezi.

Kwamba vyama hivi vimewahi kuwatesa wanachama wapya, na wengine wakaumia, ni kweli. Ni aibu na ni jinai, na wenyewe waliupiga marufuku utaratibu ule wa zamani wa kuwajaribu wanachama wapya mwaka 1990. Hilo halifuti kazi ya wahitimu.

Mtaa wa Chestnut hapa mjini kuna maktaba iliyojengwa mwaka 1908 kwa ajili ya Weusi na kuendeshwa na Weusi, chini ya Thomas Fountain Blue. Bado imefunguliwa. Binti yangu huenda kufanyia kazi za shule humo, na watoto wa wakimbizi wanaozungumza Kiswahili huingia na kutoka. Nikiwaona nawawaza wanafunzi wangu wa zamani wa Kigoma. Wengi ni mabwana na mabibi wakubwa sasa: wahasibu, wauguzi, maofisa. Kundi lao la simu halilali: harusi, misiba, fulana za kumbukumbu. Nawapenda, na michango yao ya msiba imewastiri wengi. Lakini katika sekondari ileile iliyowatoa, wasichana wa kidato cha nne wanaotoka vijiji vya mbali wanapanga vyumba mitaani, wanaishi mageto bila mtu mzima, na kila mwaka baadhi yao hawafiki kwenye mtihani.

Wanafunzi wangu hao wa zamani wanakutana Desemba. Naomba ajenda ya kwanza iwe kodi ya nyumba moja ya wasichana na mama wa kuwalea, kabla ya kuzungumzia chakula na fulana. Mchango wangu nimeshamkabidhi mweka hazina. Mhariri, nitashukuru barua hii ikitoka kabla ya kikao.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Kigoma,
Louisville, Kentucky