Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, naweka mbele yenu taarifa ya mwaka uliokwisha. Mkutano mkuu uliopita uliagiza tusome riwaya za distopia za kifeministi, yaani zile zinazosawiri dola ambamo mwanamke amenyang'anywa mwili, mali na hata jina lake, na tuzisome sambamba na sheria na matukio ya nyakati zilizozizaa. Agizo hilo lilipokewa kwa manung'uniko, nami nilikuwa miongoni mwa walionung'unika, nikihofu kwamba baraza letu lingegeuka darasa la historia. Nakiri kwamba nilikosea.

Sehemu kubwa ya mwaka ilikwenda kwa The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood wa Kanada, iliyotoka mwaka 1985. Mwandishi ameeleza mara nyingi kwamba alijiwekea sharti la kutoingiza kitabuni tendo lolote ambalo binadamu hawakuwa wamekwisha kulitenda mahali fulani. Alianza kuiandika mwaka 1984 akiwa Berlin Magharibi, mji uliozungukwa na ukuta, kwa taipureta ya kukodi yenye herufi zilizopangwa Kijerumani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ya Romania ilikuwa imeamuru kila mwenye taipureta aisajili polisi na kuwasilisha sampuli ya maandishi yake, ili karatasi ya uchochezi ikiokotwa ijulikane imepigwa kwa mashine ipi. Kikao kizima kiliishia hapo, kwa kuwa katika dola ya Gileadi, anayoibuni Atwood katika ardhi ya Marekani, mwanamke haruhusiwi kusoma wala kuandika, na baadhi yetu tulikuwa tumelichukulia katazo hilo kuwa chumvi ya mtunzi.

Romania hiyohiyo ilitupa mengi zaidi. Amri namba 770 ya mwaka 1966, chini ya mtawala wake wa kikomunisti Nicolae Ceaușescu, ilipiga marufuku utoaji mimba isipokuwa kwa wachache, wakiwemo waliopita miaka 45 na waliokwisha kuzaa watoto wanne. Kufikia miaka ya 1980, wanawake walikuwa wakipimwa mahali pao pa kazi ili ijulikane nani ana mimba, na maelfu walipoteza maisha kwa kuzitoa kisirisiri, hadi amri hiyo ilipofutwa Desemba 1989, mara tu utawala ulipoanguka. Ukirudi kwenye riwaya baada ya kuyajua hayo, ule ukurasa ambao mjakazi, yaani mwanamke aliyewekwa kuwazalia wakubwa wa dola, anapelekwa kwa daktari kila mwezi kupimwa, shuka ikiwa imetundikwa ili daktari asimwone uso, unasomeka kama kumbukumbu ya ofisini.

Kuna wanachama waliosema kwamba Marekani haihusiani na mambo hayo ya Ulaya Mashariki. Katika riwaya, akaunti za wanawake wote zinafungwa siku moja na fedha zao kukabidhiwa mume au ndugu wa kiume. Sheria ya Marekani iliyokataza wakopeshaji kumbagua mwanamke kwa sababu ya jinsia au ndoa ilipitishwa mwaka 1974, kwa hiyo kitabu kilipotoka haki hiyo ilikuwa na umri wa miaka 11 tu. Isitoshe, pendekezo la kuingiza usawa wa kijinsia katika katiba ya nchi hiyo lilikuwa limekufa mwaka 1982, likiwa limepungukiwa na majimbo matatu. Atwood hakuhitaji kwenda mbali.

Mjadala mkali zaidi ulihusu utumwa. Mjakazi anayesimulia riwaya anaitwa Offred, yaani "wa Fred", jina la bwana wake. Anamzalia bwana mtoto, kisha mtoto anachukuliwa. Mwanachama mmoja alilalamika kwamba hayo ndiyo waliyotendewa wanawake Weusi wa Marekani, ilhali riwaya inawahamisha watu Weusi nje ya hadithi kwa sentensi chache. Naona lalamiko hilo ni la haki, na ndilo lililotufanya tuongeze Parable of the Sower ya Octavia Butler, mwandishi Mweusi wa Marekani, ya mwaka 1993, ambayo haiwezi kuusahau utumwa hata ikitaka.

Wenzetu wa Unguja nao walitukumbusha masuria. Tangazo la mwaka 1897 lililoondoa utumwa katika sheria za Zanzibar liliwaacha masuria nje, kwa hoja kwamba wao ni kama wake, na walisubiri hadi mwaka 1909. Mtunzi wa pwani anayetafuta pa kuanzia distopia yake asihangaike na mambo ya mbali. Hoja hiyo ya "kama wake" inatosha sura tatu.

Kuhusu wanawake wa Marekani walioanza mwaka 2017 kuingia mabungeni kimya kimya wakiwa na majoho mekundu na kofia nyeupe, mavazi ya wajakazi wa Atwood, ili kupinga sheria, tuligusia tu, kwa sababu muda uliisha.

Mwaka ujao Kamati inapendekeza tusome Swastika Night ya Katharine Burdekin, inayobuni dunia iliyotawaliwa na Wanazi, iliyochapishwa mwaka 1937 kwa jina la kiume, kabla hata ya Vita vya Pili vya Dunia. Ada inabaki ileile. Nakala sita za Atwood zilizozunguka kwa wanachama zimerudi nne. Mwenye mbili zilizobaki azikabidhi kwa Katibu, pamoja na ile fotokopi ya tangazo la 1897 iliyokuwa imefichwa ndani ya mojawapo.