Usiitupe hiyo bodi

Kwako swahiba,

Salamu nyingi. Picha zako nimezipata, zote nne, na ile ya tatu nakiri nilicheka kabla ya kukuhurumia: boneti ya Volkswagen Beetle yako ya modeli, ile ya plastiki ya kuunganisha, imejikunja kama ngozi ya kidole kilichoshinda majini. Unasema umeshaiweka bodi kando ya pipa la taka, unangoja tu moyo wa kuitumbukiza. Usiitupe. Plastiki haijadhurika, na rangi huvuliwa kama nguo.

Nimesoma maelezo yako mara mbili, nimepaona penye kosa. Jumamosi ulipaka rangi ya mafuta kwa brashi. Jumapili ukaiona ina michirizi, hukuipenda, ukachukua kopo la laka ukapuliza juu yake. Basi hapo ndipo ilipoharibika. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, nayo huanzia juu ikishuka chini polepole. Ukiigusa kesho yake unaapa kwamba imekauka, kumbe ulichogusa ni utando tu, chini bado laini. Laka hukauka kwa thina yake, yaani kile kiyeyusho kilichomo, kuruka, na thina hiyo ni kali. Ikitua juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa inapenya, inaivimbisha, na rangi iliyovimba ikikosa pa kwenda inajikunja. Ungeanza na laka chini ukamalizia na mafuta juu, pasingekuwa na ugomvi.

Usidhani nakusimanga. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa gari la plastiki nyekundu, nami nikataka liwe jeupe. Praima, ile rangi ya kwanza ya kuziba na kushikisha, niliiona anasa. Nikapuliza nyeupe, jioni likapendeza, nikalala. Asubuhi nakuta gari la waridi! Nikapuliza tena. Likawa jeupe kwa saa chache, kisha uwaridi ukarudi, umefifia lakini upo. Kumbe thina ilikuwa inayeyusha wekundu uliomo ndani ya plastiki yenyewe na kuupandisha juu, na kila nilipopuliza niliuongezea ngazi. Dawa yake ni kuziba kwanza: praima ya kijivu, kisha koti, yaani tabaka, jembamba la rangi ya fedha, ndipo nyeupe. Mimi sikulijua hilo, nikafika koti la saba. Weupe ulikubali mwishowe, lakini milango ikawa imepotea. Ile mifereji myembamba inayotenganisha mlango na bodi ilijaa rangi yote, gari likabaki kama kipande cha sabuni kilichotumika. Bado ninalo, liko rafu ya juu, na kila mgeni huliulizia hilo kabla ya mengine.

Piga hesabu uone. Kipimo chako ni 1/24, yaani modeli ni ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Beetle halisi ina urefu wa kama mita 4.07, yako ina sentimita 17. Rangi ya gari halisi, kuanzia praima hadi vanishi, unene wake ni kama milimita 0.1 tu. Unene huohuo ukiuweka kwenye modeli, ni sawa na kulipaka gari la barabarani rangi ya milimita 2.4. Mimi na koti zangu saba nadhani nilikuwa nimelijengea ukuta. Ndiyo maana pia sikushauri kutumia rangi ya metaliki iliyotengenezwa kwa magari ya kweli: zile chembe zinazometameta, kwenye gari la kukaa kiganjani zinaonekana kama kokoto. Wapo wanaozitumia na wanaridhika. Macho yangu hayakubali.

Sasa kazi ya kuivua. Ondoa kwanza vioo na kila kipande chenye nikeli, maana nikeli nayo inaweza kutoka. Mimina mafuta ya breki kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, udumbukize kipande cha ile fremu iliyoshikilia vipande vya modeli, ukiangalie kesho yake. Kama hakijalainika wala kupasuka, tia bodi. Vaa glavu, fungua madirisha, na chombo kiwe mbali na watoto. Iache usiku kucha, hata siku mbili, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Rangi itatoka kwa mapande, na iliyojificha kwenye mifereji uichokonoe kwa kijiti cha meno. Osha kwa sabuni ya maji, suuza, osha tena. (Ingekuwa ni laka peke yake ningekwambia utumie spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, ni safi na haina utelezi. Lakini wewe umechanganya.)

Ikishabaki uchi, fanya ulichokiruka mwanzo. Kwenye picha ya kwanza, juu ya madigadi ya kushoto, naona mstari mwembamba ulioinuka. Hapo ndipo sehemu za kalibu zilipokutana kiwandani. Rangi haitaufunika, itaung'arisha. Uparue kwa kisu, makali yakiwa yamelala kama unanyoa ndevu, ndipo upitishe msasa wa maji namba 600, kisha 1000. Halafu geuza kisu, tumia mgongo wa ncha yake kuichimba mifereji ya milango na boneti kidogo tu, mara mbili tatu kila mmoja, ili rangi isije ikaizika kama yangu. Osha tena. Ukishaosha usiishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanatosha kuikataza rangi isishike.

Siku ya kupuliza, nyunyizia sakafu maji ili vumbi litulie. Kopo la praima, na baadaye la rangi, liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, nasema uvuguvugu, si ya moto, kopo hilo lina presha. Ukilitoa, matone yatakuwa madogo na yatatua sawasawa. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa thina. Tafuta ile yenye vichujio vya mvuke, au pulizia nje siku isiyo na upepo wala unyevu mwingi. Unyevu huiachia laka ukungu mweupe.

Anza kupuliza nje ya gari, pita juu yake kwa mwendo mmoja ukiwa umbali wa kama sentimita 20, malizia nje upande wa pili. Koti la kwanza liwe ukungu tu, plastiki ionekane chini yake. Hapa ndipo mkono unapowasha. Gari linakuwa na madoadoa, baya kuliko lilivyokuwa, na kopo bado liko mkononi. Liweke chini, ondoka chumbani, rudi baada ya dakika ishirini. Koti la pili linafunika. La tatu ndilo la kulipa mng'ao, nalo huliangalii gari, unaangalia mwanga wa taa ulioanguka juu ya paa. Mwanzo mwanga umevunjika chembechembe. Unapita mara moja zaidi, chembe zinashikana, na ghafla unaiona taa nzima, duara lake kamili, limekaa juu ya paa. Acha hapohapo. Sekunde mbili za ziada, rangi inateremka chini ya mlango kama chozi.

Vumbi likitua, na litatua tu, usilitoe kwa kidole. Liache. Rangi ikikomaa utalisawazisha kwa msasa namba 2000 na maji. Funika gari kwa beseni na ulisahau. Utajuaje kama imekomaa? Usiiguse, inuse. Ikinuka rangi, bado. Mimi hungoja wiki nzima hata kwa laka inayosemekana hukauka kwa saa moja, na huo ni woga wangu tu, najua. Lakini nimewahi kuinua gari siku ya pili nikaacha alama ya kidole gumba kwenye mlango, wazi kiasi cha kunitambulisha polisi.

Umeniuliza mbona rimu ulizotoa kwenye modeli nyingine zinaonekana ndogo. Tazama boksi lake, nadhani utakuta 1/25. Watengenezaji wa Marekani walizoea kipimo hicho tangu enzi za vigari vya plastiki vilivyogawiwa na wauza magari kutangaza matoleo mapya, wakati Wajapani wengi wanatumia 1/24. Beetle ya 1/25 ingekuwa na sentimita 16.3. Tofauti ni ndogo mno kwa bodi peke yake, lakini tairi nne zikikaa chini ya madigadi ya mviringo kama ya Beetle, jicho linaiona. Rudisha rimu zake.

Vioo nakuomba usivibandike kwanza. Najua una supa glu mezani, imeonekana kwenye picha ya nne. Mvuke wake hugandia kwenye plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe usiofutika kirahisi, na utaugundua gari likiwa limeshafungwa. Tumia gundi nyeupe ya karatasi. Hukauka ikawa angavu, na ukikosea unaifuta kwa kitambaa chenye maji. Na zile fremu za nikeli kuzunguka vioo usizipake kwa brashi. Kuna karatasi nyembamba mno ya chuma yenye gundi nyuma: unaibandika, unaikandamiza kwa kijiti cha meno mpaka kona ya fremu ijitokeze, unakata kwa wembe mpya. Wembe mpya kabisa, si ule uliofungulia boksi. Uliokwishatumika hauikati, unaichana.

Stika za maji, zile za kuloweka kabla ya kubandika, tutaziongea vanishi ikikaribia, maana hapo nako kuna thina nyingine inayopenda kuzila.

Kwa sasa liondoe hilo pipa hapo karibu. Bodi ikitoka kwenye mafuta ya breki, nipigie picha ya madigadi ya kushoto kwa karibu, taa ikiwa ubavuni. Nataka kuona kama ule mstari umeondoka kabla hujagusa praima.

Wako,
mwenye gari la waridi