Barua ya malalamiko: taco za chapati na neno "halisi"

Kirumba,
Mwanza.
14 Julai 2025

Meneja,
Mgahawa wa ufukweni (jina mnalijua wenyewe),
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHAKULA MLICHOKIITA "HALISI CHA MEKSIKO"

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ijumaa ya tarehe 11 Julai, mimi na mdogo wangu tulifika kwenu saa moja jioni, tukakaa meza ya nje upande wa ziwa. Tulivutwa na bango lenu la barabarani: "Ladha halisi ya Meksiko, sasa Mwanza." Tuliagiza taco tatu za sangara (taco ni tortila, chapati nyembamba ya mahindi, iliyokunjiwa nyama au samaki) kwa shilingi 32,000, guakamole, ile ya parachichi, 12,000, nacho, yaani krispi za mahindi zenye jibini, 15,000 na glasi mbili za juisi ya ukwaju, 3,000 kila moja. Jumla 65,000. Nililipa kwa lipa namba na risiti nimeiambatanisha.

Mdogo wangu amekwishaniuliza inakuwaje mtu mzima aandike barua kwa ajili ya taco, kwa hiyo nianze na hapo. Mwaka 2018 nilikaa miezi mitano Texcoco, nje kidogo ya Mexico City, kwa mafunzo ya mbegu za mahindi katika CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano. Asubuhi shambani, mchana tunakula kwa mama mmoja aliyepika pembeni mwa barabara, mama ntilie kabisa, hata ukali wa kudai chenji ni uleule. Tangu nirudi naitafuta ile tortila yake. Dar es Salaam niliuziwa za kwenye boksi, zimekunjwa kiwandani zikakaukia hapohapo, ukiuma zinapasuka kama kigae. Kwa hapa Mwanza ninyi ndio wa kwanza niliowaona mkithubutu kuandika "halisi". Nilikuja kwenu na njaa ya miaka saba.

Kilicholetwa mezani ni chapati.

Nilishika ukingo nikavuta, tabaka zikaachana moja moja, vidole vikabaki vinang'aa mafuta. Chapati ya kusukuma, ile ya chai ya asubuhi, na ilikuwa chapati nzuri, mpishi wenu apewe haki yake. Ila ilikunjwa katikati, ikatiwa vipande vya sangara na kachumbari, kisha juu ikachorwa mstari wa tomato sosi ya chupa, nao ndio ulioitwa salsa, ule mchuzi wao wa nyanya na pilipili. Guakamole ilikuwa imezidiwa mayonezi hadi ikafanana na rangi ya ukuta wa zahanati. Nacho zilikuwa krispi za viazi zilizomwagiwa jibini. Za viazi, ndugu Meneja. Na wahudumu mmewavisha kofia pana za majani. Wetu, kila akiinama kuweka sahani, kofia inamshukia machoni. Nilimhurumia kijana wa watu.

Nikamuuliza kwa upole kuhusu chapati. Akaenda jikoni, akarudi: "Dada, mpishi anasema mahindi ya Meksiko hayapatikani Tanzania, ndiyo maana wanatumia ngano." Nikaomba kuonana na mpishi, akaja msimamizi. Akaniambia wateja wengine hawajawahi kulalamika.

Wasingelalamika, wangelinganisha na nini? Lakini hilo niliache. Jibu la mahindi ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu si kweli.

Mahindi meupe tunayosaga sembe hayana kasoro yoyote kwa tortila. Kule nako tortila nyingi ni za mahindi meupe. Siri iko kwenye chokaa. Mahindi makavu huchemshwa na maji yaliyotiwa chokaa kidogo, yakalazwa humo usiku kucha. Asubuhi ganda la juu linateleza lenyewe ukiyasugua kwa mikono. Unayaosha, unayasaga yakiwa bado mabichi mabichi, na unga ule unashikana kama udongo wa mfinyanzi. Ukitumia sembe ya dukani na maji matupu, donge linakatika kila ukilibana; nafahamu, nimelijaribu jikoni kwangu nikaishia kula uji. Nadhani na mpishi wenu alijaribu, likamkatikia, akasingizia mahindi. Na chokaa yenyewe simaanishi ya kupaka ukuta, tafadhali asije akaua watu. Waulizeni wanaouza tambuu wanatumia ipi. Chokaa ya kula ipo siku zote, na mama yangu anayetia magadi kwenye makande asingeshangaa hata kidogo. (Wazungu walipoyachukua mahindi kutoka huko wakaiacha hiyo chokaa, na waliokula mahindi matupu wakaugua pelagra, ugonjwa wa upungufu wa vitamini iitwayo niasini, kwa sababu bila chokaa mwili haupati niasini iliyomo. Hii naiweka tu kwa kuwa ndiyo kazi yangu.)

Nafahamu pia kwamba kaskazini mwa Meksiko, Sonora kwa mfano, wanakula tortila za ngano. Msimamizi wenu angenijibu hivyo ningenyamaza kidogo. Lakini zile ni nyembamba, husukumwa mara moja zikaenda motoni, hazikunjwi na mafuta kutengeneza tabaka.

Guakamole ndiyo iliyoniuma zaidi, maana pale hamna hata chokaa ya kusingizia. Jina lenyewe limetokana na Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, na maana yake ni mchuzi wa parachichi. Parachichi, kitunguu, pilipili, majani ya giligilani, chumvi, ndimu. Vyote hivyo nilivinunua Soko Kuu Jumamosi asubuhi, siku ya pili yake, kwa hasira, na havikufika shilingi 5,000. Pilipili mbuzi niliyoichukua ni jamii moja na habanero, pilipili kali wanayojivunia watu wa jimbo la Yucatán. Nyanya, pilipili, parachichi, mahindi, vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilitufikia zamani, vikazoea, leo vinalimwa na bibi zetu. Kitu pekee ambacho sijawahi kukiona sokoni ni tomatilo, zile nyanya za kijani zenye ganda kama karatasi, na hizo wala sikuzidai.

Kuhusu samaki, mlikuwa mmekaribia kabisa. Taco za samaki wa kukaanga ni chakula cha mji wa Ensenada, huko Baja California, Meksiko: samaki mweupe aliyechovywa kwenye rojo ya unga, kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, salsa, ndimu. Sangara wenu alikuwa mbichi wa siku hiyo, nyama nene, nyeupe, amekaangwa sawasawa. Mtu mwenye sangara wa namna hiyo halafu anamfunika kwa tomato sosi anastahili barua.

Sasa nieleze cha Meksiko nilichokipata jioni ile. Cha kwanza ni juisi ya ukwaju. Kule inauzwa kila kona, inachotwa kwenye mitungi mikubwa ya kioo, na yenu ilikuwa hivyohivyo, chachu, haina sukari ya kupitiliza. Kwenye menyu mmeiweka ukurasa wa vinywaji vya kienyeji. Cha pili kipo nje ya geti lenu, mkono wa kushoto. Kuna mama anachoma mahindi. Tulipotoka bado nina njaa nikanunua moja la shilingi 500. Akakata ndimu, akaichovya kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, akausugua muhindi mzima huku anauzungusha. Mdogo wangu aliona nimesimama nimenyamaza akadhani nimeungua mdomo. Ndivyo wanavyokula barabarani Texcoco, ndimu na pilipili, na hata wale wanaopaka mayonezi huipaka kwenye muhindi, siyo kwenye parachichi.

Ninachoomba ni hiki. Mnirudishie shilingi 27,000 za guakamole na nacho, kwa namba ileile niliyolipia. Za samaki sidai, samaki nilimla. Neno "halisi" liondoke kwenye bango mpaka tortila za mahindi zitakapoanza kutoka jikoni kwenu; kwa sasa mnaweza kuandika "chapati ya sangara", na kwa bei ya 15,000 nitakuja kuila. Na mpishi wenu akitaka kuonyeshwa ile kazi ya chokaa, Jumamosi huwa sina shughuli. Nitakuja na mahindi yangu, sihitaji malipo. Kofia sitavaa.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku kumi na nne.

Wenu,
Mteja wa meza ya nje, upande wa ziwa

Kiambatanisho: Risiti ya tarehe 11 Julai 2025.

Nakala: Mama wa mahindi, getini kwenu.