Kuediti sura ya mtu ni raha, ila rangi yake muachieni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji niongelee kazi ninayoipenda kupita maelezo, kuediti picha za watu kwenye kompyuta, maana hapa Dodoma wengi wanadhani ni kubadilisha bekigraundi na kumng'arisha mtu basi, wakati mle ndani kuna utamu ukishauonja usiku unaingia hujui saa ngapi.

Chukulia picha za mahafali pale UDOM. Jua letu la saa sita mnalijua, linapiga utosini, mtu kavaa joho na kofia yake, ukifungua picha kwenye skrini unakuta pua inawaka, macho yamezama kwenye kivuli na vumbi limeshika kwenye nyusi. Hapo ndo raha inapoanza sasa. Naweka leya mpya ya kijivu, yaani tabaka linalokaa juu ya picha bila kuigusa, naibadilisha iwe sofutilaiti, namna inayoficha kile kijivu ila nikipaka nyeupe inang'arisha kilicho chini, nachukua brashi nyeupe nguvu yake asilimia 5 hivi, nazumu mpaka jicho moja linajaa skrini, halafu napitisha taratibu, ukipitisha mara moja huoni kitu, ukirudia rudia kivuli kinaanza kuachia, kope zinatokea moja moja, na ile nukta ya mwanga kwenye mboni ikiwaka tu mtu anakutazama. Jamani, kuna raha gani inaishinda hiyo!

Na vijana wanaojifunza leo wajue wamekuta mteremko. Photoshop, programu ya kuediti picha, ilipotoka mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili Thomas na John Knoll, leya hazikuwepo kabisa, zimekuja na toleo la 3 mwaka 1994, kabla ya hapo ukishapaka umepaka. Leo nikiona nimezidisha nafuta leya, uso wa chini uko vilevile.

Kwenye kusafisha ngozi nafuata utaratibu ambao waediti wengi wanaufuata: kitu ambacho baada ya wiki mbili kingeondoka chenyewe, kama chunusi au mkwaruzo, natoa. Kidoti, kovu la utotoni, mwanya, hivyo sigusi mpaka mwenyewe aseme. Tuna wazee wa Kigogo wenye ile alama ya duara katikati ya paji la uso, nimeshaona picha ya bibi mmoja wa huko Bahi imesafishwa na studio fulani, alama wameifuta wakidhani ni doa, wajukuu wanaiangalia wanasema huyu sio bibi. Mikunjo ya bibi ndo uzuri wenyewe, unaipunguza kidogo pale kivuli kilipozidi basi, ukiilainisha yote umetengeneza mtu mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni huu mtindo wa kumfanya kila mtu mweupe. Zamani tungelaumu mitambo, filamu za rangi za Kodak zilisetiwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, weusi tukawa tunatoka macho na meno tu. Sasa hivi kamera zinaweza. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi kama kamera ilivyolinasa, badala ya JPEG, lile faili dogo ambalo kamera imeshalibana, JPEG inakupa ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 inakupa 16,384, ndo maana ukiinua kivuli kwenye uso mweusi wa JPEG unapata mabaka na rangi ya majivu, ila kwenye RAW ngozi inafunguka na rangi zake zote. Na ni nyingi! Mashavuni kuna wekundu kwa mbali, juu ya mfupa wa shavu kuna mng'ao wa kama bluu, shingoni kahawia nzito. Mtu anavutaje kitufe kimoja akaua vyote hivyo?

Vijana wa Nkuhungu na Chang'ombe mnaotaka kuanza, hela ya programu isiwazuie, GIMP ni ya bure na laptopu ya kawaida inaibeba. Anzeni na macho, ngozi mtaizoea baadae.

Na nyie wateja, mkienda studio mwambieni fundi mapema kabla hajakaa kwenye mashine kwamba rangi yako hutaki iguswe, na akimaliza akupe na faili la mwanzo pembeni ulinganishe mwenyewe.

Msomaji wako,
Mpiga picha, Area C, Dodoma