Mionzi ya wiki tatu si dozi pungufu

Mhariri,

Mwanamke wa Nansio, kisiwani Ukerewe, akiambiwa atapigwa mionzi mara 15, wakati jirani yake alipigwa 25, hudhani hospitali inabana matumizi. Ana haki ya kuuliza, na jibu limo kwenye hesabu.

Nazungumzia saratani ya titi ambayo bado imo ndani ya mirija ya maziwa, haijatoboa ukuta wake. Aghalabu haishikiki kwa mkono. Mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, ndiyo huionyesha, kama punje za chokaa. Ikishakatwa na titi likabaki, mionzi hupunguza kwa takriban nusu uwezekano wa kurudi kwenye titi hilo hilo.

Ratiba ya zamani ni grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mara 25: grei 2 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Fupi ni grei 40 kwa mara 15, yaani 2.67 kwa siku. Dozi ya siku ikipanda, jumla lazima ishuke. Asiyeishusha atamwachia mgonjwa titi gumu, lililosinyaa. Kwa hiyo 40 hii haina upungufu wowote mbele ya 50 ile. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022, wa wanawake 1,608 wenye saratani ya aina hii, ulipima pia grei 42.5 kwa mara 16. Ndani ya miaka mitano ratiba hiyo haikuzidiwa na ile ndefu katika kuzuia ugonjwa kurudi.

Utafiti huo huo una jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi mapema: nyongeza pale palipokatwa. Walioongezewa grei 16 kwa mara 8, asilimia 97.1 hawakurudiwa na ugonjwa kwenye titi kwa miaka mitano, wasioongezewa, 92.7. Lakini mara 16 na mara 8 za nyongeza ni mara 24, karibu wiki tano tena. Basi kabla ya kupanga chumba Mwanza, muulize daktari: nitaongezewa, na mara ngapi? Mara nyingi nyongeza hutolewa kwa wenye umri chini ya miaka 50, au ambao ukingo wa nyama iliyokatwa ulikaribiana na ugonjwa.

Ratiba ya mara 5 kwa wiki moja isiombwe kwa mazoea. Utafiti mkubwa ulioileta mwaka 2020 ulihusu saratani iliyokwisha kutoboa mrija.

Titi kubwa linahitaji mpango makini zaidi, kwani mionzi ikikusanyika kwenye mkunjo wa chini, ngozi huchubuka hapo. Alama zilizochorwa kifuani zisisuguliwe kwa dodoki. Zikifutika, mlalo wa siku ile haulingani tena na wa jana. Kivuko kisipoondoka na siku ikapotea, mwambie mtaalamu mapema. Siku hiyo hufidiwa mwishoni, haibebeshwi kesho kwa dozi mbili. Na wekundu wa ngozi hufika kileleni wiki moja hadi mbili baada ya kumaliza, mgonjwa akiwa tayari kwake Ukerewe, kwa hiyo zahanati ya huko ipewe karatasi ya matibabu.

Mtaalamu wa tiba ya mionzi,
Mwanza