Gari imezeeka na kazi iko Lindi: uendelee nayo au uiuze?

Kuna swali tunaulizwa hapa gereji karibu kila wiki, linakuja kwa namna tofauti lakini ni lile lile. Mtu anakaa Mtwara mjini, familia iko hapa, watoto wanasoma hapa, halafu kahamishiwa kazi Lindi, na gari aliyonayo ni IST au Spacio au Carina namba B ambayo mpaka sasa ilikuwa inampeleka sokoni na kwenye ibada tu. Anauliza, fundi hii gari itaweza kweli? Niitengeneze au niiuze nitafute nyingine? Na wengi wanafika wakiwa wameshaamua nusu nzima ya jambo kwa kuangalia kitu kimoja tu, mwaka wa gari. Hapo ndo hela za watu zinapotea, maana wapo wanaouza gari nzima kabisa kwa bei ya kutupa kisa ya zamani, na wapo wanaong'ang'ania mkweche ambao ulishaoza chini kisa injini bado inaunguruma vizuri.

Tuanze na hesabu ya njia maana ndo watu hawaifanyi. Mtwara mpaka Lindi ni kama kilomita 110, kwenda na kurudi 220. Ukisafiri siku 22 kwa mwezi hizo ni zaidi ya kilomita 4,800. Gari inayozunguka Shangani, Magomeni na Ligula inaweza isifikishe hizo hata kwa miezi sita. Kwahiyo oili uliyokuwa unamwaga mara mbili kwa mwaka sasa unaimwaga kila mwezi, matairi yanaweza kuisha ndani ya mwaka, na kama gari yako inatumia mkanda wa taimingi ambao zamu yake ni kilomita laki moja, basi zamu hiyo inafika ndani ya miaka miwili tu. Mtu akituambia gari yangu haisumbui kabisa huwa tunamwamini, ila haisumbui kwa matumizi ya mjini, na hiyo kazi unayotaka kuipa sasa ni kazi nyingine.

Lakini kuna upande mzuri ambao watu hawaujui. Safari ndefu ya mwendo wa kawaida haiiumizi injini kama wanavyodhani. Injini inachakaa sana pale inapowashwa ikiwa baridi, oili haijapanda juu, unaenda kilomita mbili unazima, unawasha tena, unazima. Njia ndefu inawashwa mara moja, inapata joto lake, oili inapita kila mahali, gia hazibadiliki badiliki, breki hazikanyagwi kila dakika. Tunapokea gari zilizotembea kilomita nyingi sana za barabara kuu na injini zake ziko safi kuliko gari ya mjini yenye kilomita nusu ya hizo. Kwahiyo kilomita kwenye dashibodi peke yake isikutishe, na mwaka peke yake usikutishe.

Na hii ya namba mpya tuiseme wazi. Watu wanakuja wamefurahi, fundi nimeuza namba C nimechukua namba E. Herufi ya namba inakwambia gari ilisajiliwa lini hapa Tanzania, haikwambii ilitengenezwa lini. IST zile za kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007, na ziko zilizoingia nchini zamani na ziko zilizoingia juzi juzi, kwahiyo unaweza kuuza namba C ya 2006 ukanunua namba E ya 2004, umeongeza hela mamilioni na umepata gari kubwa kwa umri kuliko ya kwako. Halafu ukiagiza mwenyewe, gari iliyopita miaka 10 tangu itengenezwe inalipiwa uchakavu wa asilimia 30, ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, na hizo ni juu ya ushuru wa forodha na VAT. Hiyo hela ya uchakavu haikununulii hata boliti moja ya gari. Ukiiweka kwenye gari uliyonayo, na kama bodi yake ni nzima, inafanya mambo makubwa.

Kwahiyo cha kuangalia ni nini? Sisi tunaanza chini, kwenye kutu, kabla hata hatujafungua boneti. Huku kwetu ni pwani, hewa ya bahari ina chumvi, gari inayolala Mikindani au Shangani karibu na maji inakula kutu taratibu bila mwenyewe kujua maana juu rangi inang'aa. Na baadhi ya gari zinatoka Japani tayari na kutu, zile zilizotumika sehemu za baridi ambako wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Tunaiweka juu, tunagonga na kuchoma kwa bisibisi pale ambapo mikono ya nyuma, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, inafungwa kwenye bodi, kwenye vizingiti vya chini ya milango, kwenye pembe ambako injini imekalia, na kwenye mabomba ya breki. Kutu ya juu juu inasuguliwa na kupakwa dawa, hakuna neno. Ila bisibisi ikizama, tena sehemu inayobeba mguu wa gari, hapo jibu letu ni moja, usiende nayo Lindi kila siku, hata injini iwe nzuri vipi. Kuchomelea inawezekana, wachomeleaji wazuri wapo, ila kwa mwendo wa 80 au 100 na malori yale ya simenti ya Dangote na ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini unapishana nayo, sisi hatuko tayari kumwambia baba au mama wa watu kwamba pale pameshikilia vizuri. Injini inabadilishwa, giaboksi inabadilishwa, bodi iliyooza haibadilishwi.

Cha pili ni mfumo wa kupoza injini, na hapa tungeomba mtusikilize kwa makini maana ndo unaoacha watu njiani kuliko kitu kingine. Gari nyingi za umri huu zinazokuja kwetu hazina thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, fundi fulani zamani aliitoa akasema nchi yetu ni ya joto haina kazi. Ina kazi. Bila thamostati injini ikiwa barabara kuu na upepo unapiga rejeta haifikii joto lake, kompyuta ya gari inadhani injini bado baridi inaendelea kumwaga mafuta mengi, unakaa unalalamika IST inakula mafuta kama Mark II. Halafu ndani kumejazwa maji ya bomba au ya kisima, na visima vya huku pwani vingi vina chumvi, yanatengeneza kutu na magamba ndani ya rejeta mpaka njia zinaziba. Maji matupu na kifuniko kibovu kisichoshika presha yanachemka kwenye nyuzi 100, kulanti, yaani dawa ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na kifuniko cha rejeta kilicho kizima inapita 120 bila kuchemka, hiyo tofauti ndo inayokuokoa siku unapanda milima ya kwenda Newala na abiria wanne na mizigo. Ikichemsha hata mara moja hedi ya aluminiamu inaweza kupinda na gasketi kuungua, na ukiendelea kuiendesha ili ufike tu Mingoyo umeshamaliza injini. Rejeta, wota pampu, mipira yote, thamostati, kifuniko na feni, vyote kwa pamoja ni bei ndogo sana ukilinganisha na injini. Kama unaamua kubaki na gari yako, hela ya kwanza iende hapa, kabla ya rimu, kabla ya redio, kabla ya rangi.

Oili. Gari ya zamani kula oili kidogo sio kesi ya kuiuza. Injini za Toyota za 1ZZ zile za kwanza, zilizoko kwenye Spacio na Premio na Allion nyingi, zina sifa hiyo tangu kiwandani kwa sababu ya ring na pistoni zake. Pima mwenyewe: jaza mpaka alama ya juu, tembea kilomita elfu moja, angalia imeshuka kiasi gani. Ikiwa inakula lita nzima kwa kilomita elfu moja, kwa safari zako hiyo ni zaidi ya lita moja kila wiki, na hatari yenyewe ni kwamba wiki moja utakuwa bize utasahau kuongeza na beringi za ndani zitasaga. Hapo ama unafanya oveholi ama unatafuta injini nyingine. Ikiwa inakula robo lita, ongeza tu, angalia stiki kila Jumapili jioni na maisha yaendelee.

Giaboksi otomatiki ikichelewa kuingia gia au ikiteleza unapopanda kilima, usiipe safari ndefu mpaka ipimwe. Ila hapa kuna jambo, zile gia otomatiki za zamani za hatua nne mafundi wa huku wanazijua vizuri na spea za mtumba zinapatikana, wakati gari mpya mpya nyingi zinakuja na CVT, giaboksi otomatiki isiyo na hatua za gia, ambayo inataka oili yake maalum, ukiweka ATF, ile oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki, umeiua, na ikifa mara nyingi ni kuagiza nyingine Dar. Kwahiyo mpya zaidi sio lazima iwe rahisi zaidi kuitunza ukiwa Mtwara.

Matairi angalia tarehe, ubavuni kuna tarakimu nne baada ya maandishi ya DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na limekauka tayari, kwa joto letu na mwendo mrefu ndo hayo yanayopasuka. Taa nazo, utaondoka kabla ya jua na kurudi jioni, vioo vya taa vilivyogeuka njano tunavisugua vinarudi vyeupe, ni kazi ya muda mfupi na inabadilisha kabisa unavyoona njia.

Mafuta ndo yanaweza kugeuza uamuzi wote. Gari inayotembea kilomita 15 kwa lita itakula kama lita 320 kwa mwezi kwenye hiyo njia, inayotembea 10 kwa lita itakula 480. Tofauti ni lita 160 kila mwezi, zidisha kwa bei ya Mtwara ambayo EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, utapata jibu mwenyewe. Kama una gari kubwa la silinda sita, hata liwe zima namna gani, kubadilisha ukachukua ya injini ya lita 1.5 kuna maana. Kama tayari una ya 1.5 iliyo nzima, kubadilisha hakuna maana kwa upande wa mafuta.

Msimamo wetu ni huu. Bodi nzima na tatizo kubwa moja, iwe injini au giaboksi, tengeneza uendelee nayo. Bodi nzima na matatizo mawili makubwa kwa pamoja, tukae chini na kalamu tuone, mara nyingi tutakwambia uza. Bodi imeoza, uza, na mwambie mnunuzi ukweli, itamfaa wa kuzungukia mtaani au wa kuchukua spea. Na ukibaki nayo tenga hela ya matengenezo kila mwezi hata mwezi ambao haijaharibika kitu, kwa kilomita hizo kitu kitaharibika tu, tofauti ni kama kimekukuta na akiba au unakopa.

Tena kuna wateja tumewaambia wasitengeneze wala wasinunue. Ukipanga chumba Lindi ukalala Jumatatu mpaka Alhamisi, au mkawa wafanyakazi wanne mnachangia mafuta kwenye gari moja nzuri mkapokezana usukani, ile IST yako inabaki gari ya familia na itaishi miaka mingine mingi. Sisi tunapata kazi ndogo hapo lakini ndo ukweli wenyewe.

Ukitaka tuipime kwa ajili ya safari ndefu, tunaangalia kutu, kompresheni ya kila silinda, presha ya mfumo wa kupoza, tunapima kwa kompyuta, halafu tunatoka nayo mpaka Mikindani na kurudi mwenyewe ukiwa ndani. Unapewa karatasi yenye mafungu matatu, cha kufanya kabla ya safari ya kwanza, cha kufanya ndani ya miezi mitatu, na kinachoweza kusubiri, na bei ya kila kimoja imeandikwa. Spea unaruhusiwa kununua mwenyewe popote. Ombi letu ni moja, iletwe jioni ilale hapa ili asubuhi tuiwashe sisi ikiwa baridi kabisa, maana moshi na kelele za injini iliyochoka zinasikika dakika ile ya kwanza, na usioshe injini kabla ya kuja, tunataka kuona inavuja wapi.