Hati ya mshahara inasema tumekatwa, Sacco inasema hatujalipa

Mhariri,

Sisi ni wafanyakazi wa serikali ya kaunti, mojawapo ya zile kubwa, na tunaomba ushauri wa mtu anayeijua sheria ya kazi na ya ushirika. Hati ya mshahara ya Januari inaonyesha shilingi 8,000 zimekatwa kulipia mkopo wa Sacco. Machi ikifika, taarifa ya Sacco haina hata senti ya pesa hizo, ila ina riba ya kuchelewa.

Chanzo si fumbo. Mgao kutoka Hazina ya Kitaifa ukichelewa, kisha ukaja pungufu, kaunti huomba idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na pesa zikitoka hulipwa kwanza mshahara wa mkononi, kwani huo ukikosekana watu hugoma. Makato husubiri mgao ujao. Kodi haiachwi nyuma sana kwa sababu mamlaka ya ushuru ina meno. Sacco na pensheni ndizo huumia. Tusimlaumu karani wa mishahara: orodha ya makato huitayarisha kila mwezi, lakini vocha ya malipo hukwama mezani kwa wakubwa wa fedha.

Hasara yake haiishii kwenye riba. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, hivyo akiba isiyofika hupunguza kiwango unachoweza kukopa. Mkopo ukihesabiwa kuwa umekwama, wadhamini huanza kukatwa, nao ni wafanyakazi wenzako ambao makato yao pia hayafiki! Ukijaribu kuupanga upya mkopo, malimbikizo hayaingii kwenye hati ya mshahara, maana sheria ya ajira hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Upande wa pensheni, asilimia 12 ya mfanyakazi na 15 ya mwajiri zisipofika kwa wakati hukosa faida ya uwekezaji ya miezi hiyo yote.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika kiko wazi. Mwajiri asipowasilisha makato ndani ya siku 7 anadaiwa pesa hizo pamoja na riba mseto (riba juu ya riba) isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi. Kwa shilingi 8,000 zilizozuiliwa miezi 6 mfululizo, deni la msingi ni 48,000, na riba yake inapita 9,000. Ila anayepaswa kudai ni Sacco, au Kamishna wa Ushirika kwa niaba yake. Wakurugenzi wengi wa Sacco yetu wameajiriwa na kaunti hiyohiyo. Nani atamshtaki mwajiri wake?

Kuna wanaopendekeza tuhamie kwenye agizo la kudumu la benki, yaani benki iilipe Sacco kila mwezi moja kwa moja kutoka akaunti zetu. Shida ni kwamba kusimamisha makato kunahitaji barua ya idhini ya Sacco, na idhini ikichelewa mwezi mmoja unalipa mara mbili: benki inatoa, na kaunti inakata. Wengine wanataka mahakama ya ajira. Huko mali ya kaunti haikamatwi hata ukishinda. Unachukua cheti cha amri, hati ya mahakama inayoonyesha kiasi unachodai, ukipuuzwa unarudi kuomba afisa mkuu wa fedha alazimishwe kulipa, na hiyo ni miaka.

Tunachokusudia kufanya kwanza ni kuomba kumbukumbu za uwasilishaji, mwezi kwa mwezi, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi siku 21 kujibu. Tutaziambatanisha na hati zetu za mshahara na taarifa za Sacco.

Baada ya hapo ndipo tunapokwama. Je, mwanachama mmoja mmoja anaweza kudai riba ya kifungu cha 35 iwapo Sacco imenyamaza, au ni lazima tumwandikie Kamishna? Sacco ina haki ya kumkata mdhamini huku hati ya mshahara ya mkopaji ikithibitisha kwamba alikatwa? Na ukomo wa miaka 3 katika sheria ya ajira unahesabiwa kwa kila mwezi peke yake, au makosa haya ni ya kuendelea, yenye ukomo wa miezi 12 tangu yakome? Baadhi ya makato haya yanakaribia kutimiza miaka 3, kwa hiyo jibu la swali hili la mwisho tungelipenda mapema.

Wafanyakazi wa kaunti